Jina ni la Ukoo, Sanduku ni la Nani?

Mwezi wa Januari mwaka 2022, kampuni ya Google ya Marekani iliwapelekea wateja wake wa zamani taarifa fupi. Huduma ya barua pepe ambayo wateja hao walikuwa wakiipata bila malipo, kwa kutumia majina yao wenyewe ya intaneti, ilikuwa inafikia ukomo. Kuanzia tarehe 1 Mei wangehamishiwa kwenye huduma ya kulipia, na mtu ambaye asingekuwa ameonyesha njia ya kulipa ifikapo tarehe 1 Julai, akaunti zake zingesimamishwa.

Miongoni mwa walioipokea taarifa hiyo walikuwamo watu wengi wasiokuwa na duka wala kiwanda. Walikuwa wazazi, wajomba na mabinti wa Marekani, Ulaya na kwingineko, ambao miaka kumi au kumi na mitano nyuma walilisajili jina la ukoo katika intaneti, wakamgawia kila mtu wa nyumbani anwani yake: upande wa kushoto wa alama ya @ jina la mtu, upande wa kulia jina la ukoo. Anwani hizo zilikwisha kuandikishwa benki, hospitali, shuleni na kwa waajiri. Hata bibi mzee, asiyejua wala kutaka kujua seva ni kitu gani, aliijua anwani yake kwa ghibu. Sasa ikawa lazima mtu alipe, au ahame, au aikose.

Malalamiko yaliyofuata yalikuwa makubwa, na kwa maoni yangu yalikuwa na haki ndani yake, ila mara nyingi yalielekezwa pasipo. Watu walikasirikia ada. Ada yenyewe si dhambi. Kilichowaweka wengi mashakani ni kwamba kwa miaka yote hiyo hawakuwa wamefundishwa kutofautisha vitu viwili: jina, na sanduku ambamo barua za jina hilo hutiwa. Tofauti hiyo yaweza kuelezwa katika kipindi kimoja cha darasani, nami naona ajabu kwamba haielezwi.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anayajua masanduku ya posta. Sanduku hukodiwa kwa ada ya mwaka, na namba yake ndiyo anwani yenyewe. Ukihamia mji mwingine, namba ile hubaki nyuma, nawe huna budi kuwaarifu jamaa, chuo na waajiri kwamba sasa wakuandikie kwingine. Anwani ya kawaida ya barua pepe, ile ambayo upande wake wa kulia hubeba jina la kampuni inayoitoa, ni ya namna hiyo hiyo. Mwenye jina lake mwenyewe, ambalo wataalamu huliita jina la kikoa, yumo katika hali nyingine. Anafanana zaidi na mtu anayehama kampuni ya simu bila kubadili namba, jambo ambalo Kenya iliruhusu mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017. Wampigiao hawana habari kwamba amehama.

Tueleze jinsi hali hiyo ilivyopatikana, maana haikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1971, Ray Tomlinson alipopeleka barua baina ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET, alitumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta. Mtu alikuwa mkazi wa kompyuta fulani, kama mpangaji wa chumba fulani, na kompyuta ikiondolewa, anwani nayo hufa. Majina ya kompyuta zote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa California, na kila kituo kiliinakili. Orodha ilipokuwa ndefu mno, Paul Mockapetris alibuni, mwaka 1983, mfumo wa majina ya vikoa, ambamo kazi ya kutunza orodha imegawanywa: kila mwenye jina hutunza habari za jina lake. Kisha mwaka 1986 Craig Partridge akaeleza jinsi barua zitakavyoelekezwa kwa kutumia kumbukumbu iitwayo MX. Kumbukumbu hii ni mstari mmoja tu wa maandishi. Husema: barua za jina hili zipelekwe kwenye kompyuta ile.

Hebu tuifuate barua moja. Mwalimu wa Dodoma anamwandikia rafiki yake wa zamani aliyeko Toronto, mwenye anwani ya jina la ukoo. Kompyuta inayotuma haijishughulishi kwanza na upande wa kushoto wa alama ya @. Hutazama upande wa kulia, kisha huuliza mfumo wa majina: ni nani apokeaye barua za kikoa hiki? Jibu huja na jina la seva moja au kadhaa, kila moja na namba yake ya upendeleo, na seva yenye namba ndogo ndiyo hujaribiwa kwanza. Jibu hilo lina pia muda wake wa kuishi unaohesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Katika muda huo muulizaji aweza kulitumia jibu lile lile pasipo kuuliza upya. Baada ya hapo kompyuta hufungua mazungumzo na seva iliyotajwa, kwa utaratibu wa SMTP ambao Jon Postel aliuandika mwaka 1982, na kuikabidhi barua. Hapo ndipo upande wa kushoto husomwa, na barua hutiwa katika sanduku la mhusika.

Mwanafunzi makini atakuwa amekwisha kuona kinachofuata. Mwenye kikoa akiubadili mstari ule mmoja, barua zote mpya zitaelekea kwenye nyumba mpya, na ndugu na marafiki hawatahitaji kuarifiwa lolote. Akiwa mwangalifu, siku moja au mbili kabla ya kuhama ataupunguza muda wa kuishi wa jibu hadi sekunde 300, ili dunia isiendelee kulishika jibu la zamani. Hata seva mpya ikichelewa kuwa tayari, barua hazipotei papo hapo, kwa kuwa kanuni zamtaka mtumaji aendelee kujaribu kwa muda wa siku nne au tano hivi kabla ya kukata tamaa. Barua za zamani ndizo zenye kazi zaidi; lakini nazo zina njia yake, yaani utaratibu wa IMAP ulioanzia Stanford mwaka 1986, ambao huwezesha barua kunakiliwa kutoka sanduku moja hadi jingine, jalada kwa jalada.

Ikiwa kuhama ni rahisi hivyo, kwa nini familia hizo zilitaharuki? Yatupasa tuitazame historia ya huduma yenyewe.

Google iliianzisha mwezi wa Agosti mwaka 2006. Wakati ule kampuni kubwa zilikuwa zikishindana kuwavuta watu, na Microsoft nayo ilikuwa na huduma ya bure ya namna hiyo. Mlango ukaendelea kufungwa taratibu. Mwaka 2011 mteja mpya wa bure alikuwa haruhusiwi kuwa na watumiaji zaidi ya kumi. Mwezi wa Desemba mwaka 2012 toleo la bure lilifungwa kabisa kwa wateja wapya. Microsoft ilifanya vivyo hivyo mwaka 2014. Waliokwisha kuingia Google waliambiwa mwaka ule wa 2012 kwamba mabadiliko hayo hayawahusu, nao wakalala usingizi wa amani kwa muda wa miaka tisa.

Katika miaka hiyo, sanduku liligeuka kuwa nyumba nzima. Akaunti iliyokuwa ya barua peke yake ikawa ya picha za watoto, ya kalenda, ya programu zilizonunuliwa kwa ajili ya simu, ya filamu na vitabu vilivyolipiwa. Barua zina utaratibu wa wazi unaozihamisha. Vitu hivi vingine havikuwa nao. Mtu aliyenunua programu kwa fedha zake alikuta kwamba hawezi kuipeleka kwenye akaunti nyingine, hata kama akaunti hiyo ni ya kampuni ile ile. Hapa ndipo lawama yangu inapoangukia. Mwenye nyumba anayo haki ya kudai kodi, hata kutoka kwa mpangaji aliyekaa bure miaka mingi. Hana haki ya kudai kodi huku ameupigilia misumari mlango wa kutokea.

Sitaki nieleweke kwamba utunzaji wa barua hauna gharama. Barua moja haihifadhiwi katika diski moja. Hunakiliwa mahali kadhaa ili diski ikiharibika, kama ziharibikavyo diski zote, barua isipotee. Seva zinahitaji umeme na kupozwa joto mchana na usiku. Barua za ulaghai na takataka huja kwa wingi mno, na kuzichuja ni kazi ya mitambo na ya watu pia. Gharama hizi zilikuwapo tangu 2006. Hapo mwanzo zilifunikwa na matangazo ya biashara yaliyoonyeshwa pembeni mwa barua, na pia na tumaini la kampuni kwamba aliyezoea huduma nyumbani ataitaka na kazini. Neno “bure” lilimaanisha kwamba alipaye ni mwingine, na mlipaji akibadili nia, bei hujitokeza. Mwalimu wa uchumi atalitambua jambo hili mara moja; mwalimu wa fizikia atasema kwamba hata nishati haitoki mahali pasipokuwapo kitu.

Namna bei ilivyopangwa ndiyo inayonikera kuliko bei yenyewe. Huduma ya ngazi ya chini kabisa ilikuwa dola 6 za Marekani kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Familia ya watu sita ingelipa dola 36 kwa mwezi, yaani dola 432 kwa mwaka, ukiacha punguzo lililotolewa kwa muda wa mwanzo. Kuhesabu kwa kichwa kunafaa ofisini, ambako kila kichwa kinaingiza mapato, na mtu akiondoka kazini akaunti yake hufungwa. Ukoo hauendi hivyo. Mna babu apokeaye barua mbili kwa mwezi. Mna mtoto wa miaka tisa aliyepewa anwani siku ya kuzaliwa kama mtu anavyopewa kanzu. Mna shangazi aliyekwisha kufariki, na barua zake bado zinatunzwa kwa kuwa hakuna awezaye kuzifuta. Wote hao, machoni pa orodha ya bei, ni wafanyakazi kamili. Zipo kampuni nyingine zinazotoza kwa nafasi inayotumika, au kwa kikoa kizima pasipo kujali idadi ya watu, na kwa ukoo utaratibu huo ni wa haki zaidi.

Kelele zilizopigwa zilifika. Tarehe zilisogezwa mbele, na mwezi wa Mei mwaka 2022 Google ilitangaza kwamba wale wanaotumia huduma hiyo kwa mambo ya nyumbani tu, pasipo biashara, wangeweza kuendelea bila malipo, mradi wathibitishe hivyo kabla ya mwisho wa Juni. Wengi walishangilia. Lakini zilikuwapo familia ambazo, kwa kuiheshimu taarifa ya Januari, zilikwisha kuhama mwezi wa Februari au Machi, zikalipia pengine, zikatumia siku zao za mapumziko kunakili barua za miaka kumi na mitano. Mtiifu aliumia kuliko mzembe. Kampuni iliyo na wahandisi maelfu ingeliweza kuuliza swali lile la nyumbani au biashara kabla ya kutoa amri, badala ya miezi minne baadaye.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kila ukoo uendeshe seva yake. Kijana wa kidato cha sita mwenye kompyuta kuukuu aweza kweli kusimika seva ya barua kwa programu zisizo na malipo, na kwa kujifunza hakuna zoezi lililo bora. Kuitegemea kwa barua za benki ni jambo jingine. Kampuni nyingi za intaneti huuzuia mlango wa 25, ambao seva za barua huutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, kwa wateja wa majumbani. Wapokeaji wakubwa huzishuku barua zitokazo kwenye seva wasizozijua, na wanadai uthibitisho wa kimaandishi katika mfumo wa majina, ule wa SPF, DKIM na DMARC, ili kuonyesha kwamba mtumaji ana idhini ya kulitumia jina hilo. Haya yote yanajifunzika. Lakini umeme ukikatika siku sita na kijana yuko bweni, ukoo mzima utamtafuta. Kwa watu wengi ni heri kulipa ada ndogo kwa mtunza barua wa kuaminika, huku jina likibaki mikononi mwao.

Na jina hilo ni bora lisajiliwe kwa mtu mwingine, tofauti na yule anayetunza barua. Hili ni shauri ambalo walimu wangepaswa kulitia mkazo. Mteja aliyeweka jina, barua, picha na malipo yake yote kwa kampuni moja, siku atakapogombana nayo, hata kama ni kwa kosa la mtambo, atabaki amesimama nje bila ufunguo hata mmoja.

Shule zetu haziko mbali na mambo haya. Shule nyingi duniani, na za Afrika Mashariki zikiwamo, hutumia huduma za barua na hifadhi zinazotolewa bure kwa elimu. Mwezi wa Februari mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba hifadhi ya shule, iliyokuwa haina mpaka, ingewekewa kikomo cha terabaiti 100 kwa shule au chuo kizima, na kwa waliokuwa wateja tayari kikomo hicho kilianza Julai 2022. Kwa shule ya sekondari kiasi hicho ni bahari. Kwa chuo kikuu chenye miaka mingi ya video za mihadhara kilikuwa kidogo. Mkuu wa shule anayesoma makala haya na ajiulize: jina la kikoa cha shule yake limeandikishwa kwa jina la nani, na nywila yake iko kwa nani? Mara nyingi jibu ni mwalimu mmoja wa kompyuta, ambaye pengine alihamishwa miaka mitatu iliyopita.

Kwa walimu, zoezi ni jepesi. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti, mwanafunzi afungue dirisha la amri, aandike nslookup -type=mx, kisha aache nafasi na kuandika jina la kikoa cha shule, cha gazeti au cha wizara. Ataonyeshwa ni seva ipi inayopokea barua za jina hilo. Mara nyingi atakuta kwamba taasisi yenye jina la hapa nyumbani inatunziwa barua zake na kampuni ya ng’ambo. Mjadala utakaofuata hautahitaji kuchochewa na mwalimu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko ada zote nilizozitaja. Jina la kikoa halinunuliwi likawa mali ya milele. Hukodiwa kwa mwaka, majina yaishiayo.com hayawezi kukodiwa kwa zaidi ya miaka kumi kwa mkupuo mmoja, na kwa kawaida kodi yake ni dola kumi hadi ishirini kwa mwaka. Kodi isipolipwa, msajili huweza kulishikilia jina kwa majuma kadhaa. Kisha hufuata siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, halafu siku 5 za kungoja kufutwa. Siku inayofuata, mtu yeyote duniani aweza kulichukua.

Atakayelichukua huandika mstari wake wa MX, na kuiamuru seva yake ipokee barua za kila jina upande wa kushoto wa alama ya @: la baba, la mama, la bibi. Barua za hospitali zitamfikia yeye. Akienda kwenye ukurasa wa benki na kudai kwamba amesahau nywila, kiungo cha kuweka nywila mpya kitatua mikononi mwake, na benki haitakuwa imekosea, kwa kuwa imeandika kwenye anwani ile ile iliyopewa na mteja. Hivyo tarehe ya kulipia jina, pamoja na jina la msajili na njia ya kuingia kwake, yafaa iandikwe karatasini na kuwekwa pale zinapowekwa hati za shamba na vyeti vya kuzaliwa, ambapo mjane au mtoto wa kwanza atazikuta. Na familia yoyote iliyochoshwa na mambo ya mwaka 2022 hata ikaamua kuziacha anwani zake za ukoo na kurudi kwenye anwani za kawaida, ilipaswa kuendelea kulilipia jina hilo tupu, lisilo na sanduku hata moja, mpaka anwani ya mwisho iwe imebadilishwa kwenye daftari la mwisho la benki.